Kiungo Kifunguke Wapi, na kwa Amri ya Nani

Kubofya kiungo ni tendo dogo lenye wenyewe watatu: aliyeandika ukurasa, aliyetengeneza kivinjari, na anayesoma. Kidole ni cha huyo wa tatu. Lakini swali la ukurasa mpya ufunguke wapi, palepale au kwenye kichupo kingine, mara nyingi hao wawili wameshalijibu kabla yeye hajagusa kitu.

Mwandishi wa ukurasa alipata uwezo huo Netscape Navigator 2.0 ilipotoka na fremu, mwaka 1996. Ukurasa uligawanywa vipande, menyu kushoto na maandishi kulia, na kiungo cha kushoto kililazimika kuambiwa kifungulie mzigo wake upande wa kulia. Kikapewa sifa iitwayo target. Miongoni mwa thamani zake ilikuwamo _blank, yaani fungua dirisha jipya kabisa. Fremu zilizeeka, na HTML5, toleo la baadaye la lugha ya kuandikia kurasa, ikazitangaza kuwa zimepitwa na wakati. _blank ikanusurika.

Si kwamba wasimamizi wa viwango hawakujaribu. HTML 4.01 ya Desemba 1999, katika toleo lake kali, haikuiruhusu sifa hiyo. Watengeneza tovuti wakatii kwa namna yao: waliifuta, kisha wakaandika mstari wa JavaScript unaofanya jambo lilelile. Ukurasa ukapita ukaguzi na dirisha likaendelea kufunguka. HTML5 ilipokuja iliirudisha rasmi, pengine kwa kuchoka.

JavaScript hiyohiyo ndiyo iliyozaa madirisha ya matangazo yanayochomoza bila kuitwa. Ethan Zuckerman, aliyeandika msimbo wa mwanzo wa aina hiyo akiwa kampuni ya Tripod miaka ya 1990, aliomba radhi hadharani mwaka 2014. Wakati huo vivinjari vilikuwa vimeshajihami zamani. Hata Internet Explorer, isiyosifika kwa haraka, ilianza kuyazuia mwaka 2004. Kanuni iliyofikiwa ni kwamba ukurasa usifungue dirisha mpaka msomaji awe amebofya kitu. Kanuni nzuri, ila haiulizi amebofya akitaka nini. Anayetafuta mechi ya bure mtandaoni anaijua kasoro hiyo: kitufe cha kwanza cha kucheza video hufungua kampuni ya kubeti, na cha pili pia.

Vichupo vilipunguza maumivu. Kivinjari cha NetCaptor kilikuwa navyo mwaka 1997, Mozilla mwaka 2001, Firefox ikavizoesha umma kuanzia 2004, Internet Explorer ikavikubali mwaka 2006. Madirisha yaliyokuwa yakijazana chini ya skrini yakawa vichupo vinavyojazana juu yake. Chrome ya Android huhesabu vichupo vyako hadi 99, kisha huweka alama ya uso unaocheka. Haisemi inamcheka nani.

Ugonjwa wenyewe, wa ukurasa kumwamulia msomaji, hata hivyo ulibaki. Kiungo cha kawaida, kisichobeba amri yoyote, humwachia msomaji njia zote. Akibofya tu, ukurasa unafunguka palepale. Akibofya huku ameshika Ctrl, au Command kwenye Mac, au akitumia gurudumu la kipanya, unafunguka kwenye kichupo kinachomsubiri nyuma. Akishika Shift anapata dirisha jipya. Kwenye simu anakibonyeza kwa muda na orodha ya chaguo inajitokeza. Kiungo chenye _blank hakimwongezei hata njia moja juu ya hizo. Kinampunguzia moja, kwa sababu hakuna kitufe cha kawaida cha kukiambia kifunguke hapahapa. Tena kwenye kompyuta, kitufe cha kurudi nyuma katika kichupo hicho kipya kwa kawaida huwa kimezimika, maana hakuna pa kurudi.

Wenye tovuti husema wanaweka _blank kumsaidia msomaji asipotee. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliiorodhesha tabia hiyo kati ya makosa ya usanifu tangu 1999. Ukweli ni kwamba wenye tovuti wanaogopa msomaji asirudi. Ni kama mwenyeji anayekuaga kwa bashasha huku mkoba wako ameuficha chumbani.

Zipo hali zinazostahili kichupo kipya. Mwanafunzi aliye katikati ya fomu ndefu ya kuomba mkopo wa masomo, akigusa kiungo cha masharti, asipotezewe alichokwisha kujaza. Hapo kinachotakiwa ni kumwambia mapema, hasa kwa asiyeona anayesomewa skrini na programu: yeye hatagundua kwa urahisi kuwa yuko kwenye kichupo kingine.

Kulikuwa pia na hatari ambayo wengi hawakuisikia. Ukurasa uliofunguliwa kwa _blank ulipewa kishikio cha ule ulioufungua, na ungeweza kuubadilishia anwani kimyakimya. Msomaji akirudi kwenye kichupo cha kwanza angeweza kukuta ukurasa wa bandia unaomwomba nywila, na asingekuwa na sababu ya kushuku kichupo alichokiacha salama. Dawa, neno noopener, ilikuwapo, lakini ilimtegemea mwandishi aikumbuke. Kivinjari cha Safari kiliifanya kuwa kawaida mwaka 2019, Firefox mwaka 2020 na Chrome mwaka 2021. Robo karne, basi, kwa jambo la mstari mmoja.

Msomaji anayetaka kujiamulia ana nafasi hasa ndani ya Firefox. Kwenye about:config kuna kipengele browser.link.open_newwindow: thamani 3 hupeleka kwenye kichupo kipya, 2 kwenye dirisha jipya, na 1 hulazimisha viungo vyenye _blank vifunguke palepale. Zamani ukurasa huo ulikuonya kwamba huenda ukapoteza dhamana, dhamana ya programu uliyopewa bure. Chrome haina mpangilio kama huo, utahitaji kiendelezi.

Siku hizi lakini wengi wetu tunasoma kwa simu, na huko anayetuamulia amebadilika. Facebook na Instagram hufungua viungo ndani ya kivinjari chao wenyewe, kisicho na vichupo wala kumbukumbu za tovuti ulizokwisha kuingia katika kivinjari chako cha kawaida. Mwaka 2022 mtafiti Felix Krause alionyesha kwamba programu hizo kwenye iPhone zilikuwa zikipachika msimbo wao ndani ya kurasa za watu wengine. Mlango wa kutokea kwa kawaida umefichwa chini ya nukta tatu za kona, kwenye chaguo la kufungua katika kivinjari cha nje. Ukishatoka, kile kitufe cha kurudi kinaanza tena kukutii.