Minyoo ya Samaki: Dawa ni Moto na Ufyekeo

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ziko mbali na bahari. Huko bwawa la perege ni hazina ya kitoweo. Mfugaji akipasua samaki na kukuta minyoo ya manjano nyamani, asidhani bwawa limerogwa au limetiwa sumu. Mnyoo huyo, aitwaye klinostomu na wataalamu, hukomaa kooni mwa ndege walao samaki, kama korongo. Mayai yake huanguliwa majini, wana humwingia konokono, kisha hutoka na kujichimbia katika samaki. Ndege amlapo samaki huyo, mzunguko huanza upya.

Binadamu huambukizwa kwa nadra, alapo samaki asiyeiva. Kumwanika juani pekee hakutoshi: dawa ni moto. Nasi wa visiwani tusijione salama, kwani samaki wa bahari nao wana minyoo yao.

Hata hivyo, jikoni ni nusu tu ya kazi. Kingo za bwawa zifyekwe na konokono waondolewe, maana miongoni mwao huweza kuwamo waenezao kichocho. Bwana samaki asingoje ofisini. Aende bwawani, kabla wananchi hawajakitupa kitoweo cha watoto wao kwa hofu.