Goma: Maduka yanakula nyumba, wapangaji wanasukumwa mbali na barabara

Katika mji wa Goma, barabara kubwa karibu zote zinabadilika sura kwa namna moja. Kwanza mwenye kiwanja anabomoa ukuta wa makoro unaotazama barabara. Mahali pa ukuta panasimama butiki tatu au nne zenye milango ya chuma: moja ya vitenge, moja ya simu, moja ya dawa, moja ya kutuma pesa. Nyumba ya mbao inabaki nyuma, na wapangaji wake wanapita katika kichochoro chembamba ili kufika kwao. Miaka michache baadaye nyumba ya mbao nayo inaondolewa. Inajengwa etaji: chini maduka, juu ofisi. Waliokuwa wanalala pale wanahamia Mugunga, Buhene au Turunga.

Kwa mwenye kiwanja hayo ni maendeleo, na mgeni anayepita anasema mji unajengwa. Kwa familia nyingi ni hesabu ngumu ya kila mwezi: pesa ya nyumba upande mmoja, pesa ya kibanda upande mwingine, na mfuko ni ule ule. Mama anayeuza unga wa muhogo Birere analipa mahali pa kulala na tena analipa mahali pa kuuzia. Bei ikipanda pande zote mbili, hana pa kukimbilia. Ndiyo maana bei ya nyumba na bei ya duka ni swali moja katika mji huu, hata kama wengi wanayazungumza kama mambo mawili.

Mji usio na pa kupanukia

Goma imebanwa pande zote. Kusini kuna Ziwa Kivu. Mashariki kuna mpaka wa Rwanda, na nyumba za Goma na za Gisenyi zinakaribia kugusana. Kaskazini kuna volkeno ya Nyiragongo. Magharibi, njia ya Sake inapita kati ya ziwa na mbuga ya Virunga. Hesabu ya mwisho ya wakaaji wote wa Kongo ilifanyika mwaka 1984, na tangu hapo kila mtu anakadiria tu. Lakini hakuna anayebisha kwamba Goma imepita watu milioni moja, wengi wao wakiwa wamefika kwa kukimbia vita vya Masisi, Rutshuru na Nyiragongo.

Moto wa mlima nao umechukua sehemu yake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapasua katikati ya mji na kuingia ziwani. Makumi ya maelfu ya watu walibaki bila nyumba. Walijenga upya juu ya makoro yale yale, wengi kwa mbao na mabati, kwa sababu mbao ni nafuu, ni nyepesi, na siku ya kuhama inaweza kung'olewa na kubebwa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Safari hii lava ilisimama Buhene, kwenye mlango wa mji, baada ya kuteketeza nyumba zaidi ya 3,000.

Buhene hiyo hiyo ni moja kati ya sehemu ambazo mpangaji aliyeshindwa na bei ya mjini anaelekezwa leo. Nyumba za bei nafuu zinapatikana pale ambapo lava ilipita jana, pale maji ni shida, na pale motari anadai mara mbili kukuleta kazini. Anayehama kwa kufuata bei nafuu analipa kilichobaki kwa njia ya usafiri, bidoni za maji na hofu ya mlima.

Dola za mashirika, dola za madini

Bei za Goma hazikupandishwa na umati wa watu peke yake. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu, mashirika ya misaada yalikuja nyuma yao na mengi hayakuondoka tena. Yalihitaji nyumba za wafanyakazi, ofisi, depo na gereji, na yalilipa kwa dola. Watafiti Karen Büscher na Koen Vlassenroot walieleza katika andiko lao la mwaka 2010 jinsi uwepo wa mashirika hayo ulivyobadilisha mji: mitaa iliyo karibu na ziwa ikawa ya matajiri, ulinzi na kuta ndefu, na wakaaji wa kawaida wakasogea pembeni.

Pesa ya pili ilitoka kwenye madini. Bei ya koltani ilipopanda sana mwaka 2000, wafanyabiashara wa Goma walipata faida ambayo hawakutaka kuiweka benki. Waliiweka kwenye simenti. Katika nchi ambako vita vinaweza kufunga benki kesho, nyumba ndiyo akiba: haitoroki, haichakai kama noti, na inalipa kila mwezi. Tangu wakati huo, mwenye pesa Goma hajengi kwa sababu tu kuna watu wasio na nyumba. Anajenga ili kuhifadhi mali yake. Ndiyo sababu etaji zinaongezeka mjini huku familia za kawaida zikikosa vyumba viwili vya kukaa.

Hesabu ya mwenye kiwanja

Tuchukue mfano, si bei ya soko, ila kuonyesha namna hesabu inavyokwenda. Mtu ana kiwanja chenye meta 12 kwenye barabara. Akipangisha nyumba ya familia kwa dola 120, anapata dola 120. Akikata meta hizo 12 katika butiki nne za meta tatu, na kila moja ikalipa dola 60, anapata 240, na nyumba ya nyuma bado ipo. Tena, akidai garanti ya miezi sita kwa kila butiki, anapokea dola 1,440 kwa siku moja. Pesa hiyo inaweza kuanzisha ujenzi wa etaji.

Kuna na njia nyingine: mfanyabiashara anajenga duka kwa pesa yake katika kiwanja cha mwingine, kisha anakaa bila kulipa mpaka gharama yake irudi. Kama makubaliano hayakuandikwa, ugomvi huanza siku mwenye kiwanja anaposema muda umekwisha na mwenye duka anaposema bado.

Kwa hesabu kama hiyo, si rahisi kumlaumu mwenye nyumba peke yake. Wengi si matajiri. Ni wajane, wastaafu na watumishi wa serikali wasiolipwa vizuri, na butiki nne ndizo zinazolipa masomo ya watoto. Lakini kila mmoja akifanya hesabu yake, mtaa mzima unageuka. Nyumba za kupanga karibu na soko zinapungua, na zilizobaki zinapanda bei. Na butiki zenyewe zinaongezeka mpaka wauzaji kumi wanauza kitu kile kile kwa wateja wale wale. Kuna maduka yanayobadilisha mpangaji kila baada ya miezi michache: mmoja anafilisika, mwingine anaingia na garanti mpya.

Franka mkononi, dola kwenye mkataba

Shida nyingine ni pesa yenyewe. Mwenye nyumba anataja bei kwa dola. Mwalimu, motari na mama wa sokoni wanapata franka. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000. Kufika katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,800. Kwa hiyo aliyekuwa analipa nyumba ya dola 50 alitoka kwenye franka 100,000 hivi hadi franka 140,000, bila mwenye nyumba kuongeza hata senti moja. Karatasi ya mkataba haikubadilika, lakini sahani ya watoto ilipungua.

Franka ilipata nguvu tena mwishoni mwa mwaka 2025. Hata hivyo, bei zilizopanda kwa sababu ya dola hazishuki upesi, na katika Goma yenyewe kupata noti kulikuwa tayari ni taabu.

Taabu hiyo ilianza mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23. Benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Mishahara iliyokuwa inapita benki ikakwama. Kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji zilivunjwa mwezi wa Februari, na watu wakatawanyika, wengine wakarudi vijijini, wengine wakaingia kwa ndugu zao mjini. Mwaka huo huo Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, na mashirika mengi yaliyotegemea pesa hiyo yakapunguza wafanyakazi.

Matokeo yalionekana kwanza kwenye biashara. Vibanda vya kutuma na kutoa pesa kwa simu vilichukua nafasi ya benki, na mtoa pesa akawa mtu wa maana katika kila avenyu. Duka linalotegemea mteja mwenye mshahara liliteseka. Lile linalouza unga, mafuta na makala kwa kipimo kidogo lilivumilia zaidi. Mtaa unapokosa pesa, butiki kubwa hukatwa katikati na kuwa butiki mbili ndogo.

Sheria inayolala

Wapangaji wengi wanadhani hawana haki yoyote. Si kweli. Kwa nyumba za kukaa, kuna sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Inasema kwamba garanti ya nyumba ya kukaa haiwezi kupita miezi mitatu. Anayedai miezi sita kwa chumba cha kulala anavuka mpaka wa sheria, hata kama mtaa mzima umezoea hivyo. Na garanti si zawadi kwa mwenye nyumba: ni pesa ya mpangaji iliyowekwa, nayo inapaswa kurudi.

Kwa maduka, sheria ni nyingine. Kongo iliingia katika OHADA tarehe 12 Septemba 2012, na sheria ya biashara ya OHADA inamlinda mwenye duka kuliko wengi wanavyojua. Aliyefanya biashara mahali pale kwa miaka miwili ana haki ya kuomba mkataba uendelee. Kama mkataba una tarehe ya mwisho, lazima aombe angalau miezi mitatu kabla ya siku hiyo. Akichelewa, anapoteza haki. Kama mkataba hauna tarehe ya mwisho, mwenye nyumba lazima amjulishe angalau miezi sita kabla ya kumtoa.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo kila mwenye butiki katika nyumba ya zamani angepaswa kulishika kichwani. Mwenye nyumba anaweza kukataa kuendelea bila kulipa fidia kama anataka kubomoa na kujenga upya. Lakini nyumba mpya ikiisha, mwenye duka wa zamani ana haki ya kwanza ya kupangishwa ndani yake. Akinyimwa nafasi hiyo, anastahili fidia. Kwa maneno mengine, etaji inayosimama mahali pa butiki za mbao si ya wapya peke yao.

Sheria hiyo inatambua hata mkataba wa mdomo. Shida ni kuuthibitisha. Asiye na karatasi wala risiti anabaki na mashahidi, na mashahidi huhama au huogopa.

Karatasi kabla ya ufunguo

Kweli, mahakama za Jamuhuri zilisimama kazi Goma mwaka 2025, na magomvi mengi yanaishia kwa nyumba kumi au kwa mkubwa wa mtaa. Wengine watauliza: sheria inafaa nini bila jaji? Inafaa mambo mawili. Kwanza, hata mbele ya wazee wa mtaa, mwenye karatasi anasikilizwa kuliko mwenye maneno. Pili, haki haifi kwa sababu mlango wa mahakama umefungwa. Siku utakapofunguliwa, watakaoingia na risiti ndio watakaodai.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea ufunguo wa nyumba au wa duka, andikeni: kiasi cha garanti, bei na pesa itakayotumika, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na nani atatengeneza bati likivuja. Kama bei imetajwa kwa dola na mpangaji analipa franka, andikeni kiwango cha kubadilisha kitachukuliwa wapi na siku gani. Pesa ya komisionere iandikwe kando, isichanganywe na garanti. Kila malipo yawe na risiti, hata ya daftari la mwanafunzi, yenye sahihi mbili. Aliyetuma pesa kwa simu asifute ujumbe.

Hayo hayatashusha bei. Kushusha bei kunadai nyumba nyingi zaidi za watu wa kawaida mahali salama, na masoko ambayo mchuuzi anapata meza bila garanti ya miezi sita. Hiyo ni kazi ya wenye kuongoza mji, yeyote awaye. Soko likiwa na nafasi ya kutosha, mwenye kiwanja hatakuwa na sababu ya kugeuza kila chumba kuwa butiki. Barabara nzima ikibaki bila mtu wa kulala, maduka yake yatamwuzia nani jioni? Mteja wa kwanza wa butiki ni jirani, na jirani akisukumwa mpaka Buhene, atanunua chumvi yake Buhene.