Rwanda: Damu Ifikayo kwa Wakati na Majina Yaandikwayo Juu ya Makala

Mwezi Oktoba 2016 nchi jirani ya Rwanda ilianza kupeleka damu katika hospitali zake za vijijini kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Kituo cha kwanza kilijengwa Muhanga, kusini-magharibi ya Kigali, na baadaye kikafunguliwa cha pili huko Kayonza, katika jimbo la mashariki linalopakana na Tanzania. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkataba baina ya Serikali ya Rwanda na kampuni ya Zipline ya Marekani. Magazeti ya dunia nzima yalizipigia picha ndege hizo zikirushwa kwa mtambo mithili ya manati na kudondosha vifurushi kwa miavuli. Yaliyoandikwa juu ya ndege ni mengi. Yasiyoandikwa sana ni habari ya hesabu mbili zilizofuata: hesabu ya damu ghalani, na hesabu ya majina ya watu waliopata kuieleza dunia kilichotendeka.

Wasikilizaji wa majeshi na wa polisi wanajua kuwa ghala lina sheria zake. Lakini damu ni shehena ngumu kuliko nyingine zote. Chembe nyekundu za damu zikihifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 6 hudumu kwa wiki tano au sita hivi, kisha hazifai. Zile chembe zisaidiazo damu kuganda hudumu siku chache tu, nazo kwa kawaida haziwekwi katika baridi ya friji. Tena damu ina makundi, na mfuko wa kundi lisilolingana na la mgonjwa waweza kumwua badala ya kumwokoa. Rwanda nayo ni nchi ya vilima, ambako mwendo ulio mfupi kwa ndege huwa mrefu kwa gari. Zamani hospitali ilipopungukiwa damu ilimtuma dereva hadi kituo cha damu, aende na arudi, huku mama aliyejifungua akiendelea kuvuja damu kitandani. Mama wa namna hiyo hana siku ya kungojea. Saa zake ni za kuhesabika.

Katika hali hiyo mtunza ghala mwenye busara hufanya nini? Hujiwekea akiba kubwa. Askari yeyote aliyewahi kulinda kituo cha mbali atalielewa jambo hili: ikiwa hujui msafara wa vyakula utafika lini, utaomba zaidi ya unachohitaji. Hospitali ziliweka damu ya kila kundi kwa hofu ya usiku mmoja usiotabirika. Usiku huo usipofika, muda wa damu ulipita na mfuko ukatupwa. Wakati uo huo, ng'ambo ya kilima, hospitali nyingine iliitafuta damu ya kundi lilo hilo bila kuipata. Ndivyo upungufu na upotevu unavyoweza kukaa chini ya paa moja. Kumgombeza mtunza ghala hakuwezi kuuondoa, kwa kuwa anatenda yale ambayo hali inamlazimisha kutenda. Kinachoweza kuuondoa ni akiba kuwekwa mahali pamoja, pamoja na usafiri wa haraka ambao aliye mbali anaweza kuuamini. Akijua kwa yakini kwamba damu itafika chini ya saa moja, hana haja tena ya kuificha.

Mwaka 2022 jarida la kitaalamu la The Lancet Global Health lilichapisha makala iliyopima jambo hilo. Watafiti walizichunguza safari zilizofanywa kuanzia Machi 2017 hadi mwisho wa 2019. Katika kipindi hicho maombi ya damu 12,733 yalitimizwa kwa ndege, na asilimia 43 ya hayo yalikuwa ya dharura. Kwa wastani damu ilifika katika dakika 50 hivi. Ikilinganishwa na muda uliokadiriwa wa safari ya gari, zilipungua dakika 79. Ikilinganishwa na muda wa safari za gari zilizopimwa barabarani, zilipungua dakika 98. Damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua pia, na baada ya miezi 12 upungufu huo ulifika asilimia 67.

Hata hivyo, wastani ni kama kivuli cha adhuhuri: hauonyeshi urefu wa kila mtu. Makala hiyo yenyewe inaeleza kuwa nafuu ya muda ilitofautiana kutoka hospitali hadi hospitali. Mahali pamoja ziliokolewa dakika 3 tu. Mahali pengine dakika 211. Tofauti hiyo ilitokana na umbali na ubora wa barabara. Kwa kamanda mwenye ramani mkononi, habari hii ina thamani kuliko sifa zote za ndege. Yamwambia kwamba kuna hospitali ambayo gari linaitosha, na kuna nyingine ambayo ndege kwayo ni uhai. Ni vema ikumbukwe pia kuwa utafiti huo ulipima muda wa kufika na damu iliyoharibika. Anayeunukuu kana kwamba ulihesabu watu waliookolewa anaubebesha mzigo usiokuwa wake.

Nani basi waliyaandika hayo? Jina la kwanza juu ya makala ni la Marie Paul Nisingizwe, mtafiti wa Rwanda aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha British Columbia huko Kanada. Jina la mwisho ni la Michael Law, mwalimu wa chuo hicho. Kati yao wamo Wanyarwanda wengi. Katika elimu ya utabibu mpangilio huu una maana yake. Wa kwanza ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi na kuiandika. Wa mwisho kwa kawaida ndiye kiongozi aliyeisimamia. Walio katikati ni wasaidizi, na msomaji huwapita kama apitavyo vituo vidogo vya reli.

Mfano huo wa Rwanda ni wa heri, lakini si wa kawaida. Mwaka 2019 jarida la BMJ Global Health lilichapisha uchunguzi wa makala 7,100 za utafiti wa afya uliofanywa Afrika, zilizotoka kati ya 2014 na 2016. Ilionekana kuwa nusu na zaidi kidogo ya waandishi wa kwanza walikuwa wenyeji wa nchi iliyochunguzwa. Lakini pale ambapo washirika walitoka katika vyuo vikuu vikubwa kabisa vya Marekani, wenyeji waliopewa nafasi ya kwanza walishuka hadi asilimia 23. Na katika asilimia 13.5 ya makala zote hapakuwa na jina la mwenyeji hata mmoja. Maana yake ni kwamba wagonjwa walikuwa wa Afrika, madaftari yalikuwa ya Afrika, na wauguzi walioyajaza walikuwa wa Afrika, lakini aliyesimama kuieleza dunia alikuwa mgeni. Zamani pamba na katani viliondoka bandarini vikiwa ghafi na kurudi vikiwa na chapa ya mwingine. Takwimu nazo zaweza kusafiri kwa njia iyo hiyo.

Huenda msikilizaji akauliza: jina juu ya karatasi lina uzito gani, iwapo damu imefika? Uzito wake umo katika mashine ya kuhesabu. Mwaka 1964 Eugene Garfield, Mmarekani aliyekuwa na taasisi yake mjini Philadelphia, alianza kutoa faharasa kubwa ya kuonyesha makala ipi imetajwa na makala zipi zilizofuata. Nia yake ilikuwa njema: kumsaidia mtafiti kufuata nyayo za wazo moja kutoka kitabu hadi kitabu. Lakini kinachohesabika hakikawii kuwa mizani ya watu. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, alitoa kipimo kinachomfupisha mtafiti kuwa tarakimu moja. Mwenye makala kumi ambazo kila moja imetajwa angalau mara kumi hupewa kumi. Mwenye makala ishirini ambazo kila moja imetajwa angalau mara ishirini hupewa ishirini. Katika vyuo vingi tarakimu hiyo imetumiwa kupandisha watu vyeo na kugawa fedha. Mwenye fedha ndiye achaguaye swali litakaloulizwa kesho. Hivyo jina lililoachwa leo ni swali lisiloulizwa kesho, na pengine swali hilo ndilo lile la barabara mbovu iendayo hospitali ya kilimani.

Kasoro za kuhesabu hivyo zimejulikana kwa muda mrefu. Makala yenye kosa inaweza kutajwa mara nyingi na wale wanaoipinga, na kila pingamizi likaingia katika hesabu kama sifa. Marafiki wanaweza kutajana kwa zamu. Elimu moja ina watafiti maelfu na nyingine mamia, hivyo tarakimu zao hazilingani. Na mwongozo mzuri wa kutunza ghala la dawa unaweza kutumika katika hospitali nyingi usitajwe hata mara moja, kwa kuwa muuguzi wa zamu ya usiku haandiki makala. Hufungua friji na kuokoa mtu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kipimo kikigeuzwa kuwa zawadi, watu hukitafuta kipimo na kuisahau kazi. Kwa sababu hiyo wataalamu waliokutana San Francisco mwaka 2012 walitoa azimio la kutaka kazi ya mtafiti ipimwe kwa ubora wake wenyewe, isipimwe kwa sifa ya jarida lililoichapa. Tangu hapo vyuo na mashirika mengi yamelitia sahihi, ingawa kutia sahihi na kutekeleza ni mambo mawili.

Zipo pia kanuni za nani aitwe mwandishi. Wahariri wa majarida ya utabibu walikutana Vancouver mwaka 1978, na kamati iliyotokana na mkutano huo imeweka masharti manne. Mwandishi awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni kazi, au kukusanya au kuchambua habari zake; awe ameshiriki kuandika au kurekebisha; awe ameikubali nakala ya mwisho; na awe tayari kujibu maswali juu yake. Masharti haya yana haki ndani yake, lakini yanaweza kutumiwa kwa hila. Mkusanya takwimu asipoonyeshwa rasimu hawezi kuirekebisha. Asipoirekebisha, huambiwa hajatimiza sharti. Kanuni zenyewe zinakataza mchezo huo, kwani zinaagiza kwamba aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kutimiza mengine. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwa polisi jambo hili si geni. Maelezo ya tukio hubeba jina la askari aliyelishuhudia, kwa sababu ndiye atakayesimama mahakamani kuulizwa. Mkuu wa kituo hawezi kuyatia jina lake maelezo ya jambo ambalo hakuliona, hata kama cheo chake ni kikubwa zaidi. Jina ni sifa, na pia ni dhamana. Ripoti ya doria iliyosainiwa na asiyetoka kambini huwapotosha wote watakaoitegemea, na wa kwanza kuumia ni askari watakaopita njia hiyo kesho. Vivyo hivyo makala ya afya iliyoandikwa na asiyeijua barabara ya kwenda hospitali inaweza kutajwa mara elfu moja, na bado ikalipeleka gari mahali ambapo daraja limechukuliwa na maji.

Fundisho linalotoka Rwanda kwa nchi jirani ni la wazi. Utafiti ule uliwezekana kwa sababu kulikuwa na watu walioandika kila ombi la damu, saa lililotolewa na saa lililotimizwa. Daftari la ghala lililotunzwa kwa uaminifu ndilo shina la elimu yote iliyofuata. Nchi itakayokaribisha watafiti kutoka nje haina budi kupatana nao mapema, kazi ikiwa haijaanza: nani atashika takwimu, nani ataandika, na jina la nani litatangulia. Na tarakimu za sifa zitakapoletwa mezani, wanaoamua waulize kwanza maswali ya mtunza ghala: damu ilifika? Ilifika saa ngapi? Ni mifuko mingapi iliyotupwa? Chuo kinachoweza kuyajibu maswali hayo kwa ukweli kimeitumikia nchi, hata kama hakuna jarida la mbali lililokitaja.