Dodoma hadi Singida kwa Baiskeli: Siku Moja, Kilometa 240

Baiskeli kwa wananchi wengi ni chombo cha kwendea shambani, sokoni na zahanati. Hata hivyo, tangu mwaka 2019 msafara uitwao Twende Butiama umeonyesha kwamba chombo hicho hicho chaweza kuvuka nchi. Wapanda baiskeli wa msafara huo hutoka Dar es Salaam hadi Butiama, mkoani Mara, mwendo wa zaidi ya kilometa elfu moja, katika kumkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999. Njiani hupanda miti na kusaidia shule. Jambo hilo linawiana na desturi ya Mwalimu mwenyewe, ambaye mwezi Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha.

Kwa yeyote anayetoka pwani kwenda kanda ya ziwa kwa baiskeli, mojawapo ya siku zinazopima moyo ni ile ya kutoka Dodoma kwenda Singida. Umbali wake ni takriban kilometa 240. Barabara huanza kwa kuteremka hadi Bahi, katika sakafu ya Bonde la Ufa, penye kinamasi kikubwa na mashamba ya mpunga. Mteremko huo humdanganya mgeni. Akipita Kintinku hukuta ukingo wa bonde umesimama mbele yake, naye hana budi kuupanda ili afike Manyoni. Mwezi Oktoba mvua bado hazijaanza, vivuli ni vichache, na malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo hupita usiku na mchana.

Hesabu ya siku hiyo haina huruma. Mapambazuko huwa karibu saa 12 asubuhi, na jua huzama baada ya saa 12 jioni kidogo. Mtu aendaye kilometa 20 kwa saa huhitaji saa 12 kamili kufika Singida, bila kula, bila kupumzika na bila pancha hata moja. Akifikisha kilometa 24 kwa saa hutumia saa kumi, akabakiwa na muda wa saa mbili hivi kwa mahitaji yote. Kwa hiyo Manyoni, iliyo karibu katikati ya njia, ndiyo mahali pa uamuzi. Kundi lisilofika hapo kabla ya saa 7 mchana heri lilale hapo hapo. Kuendelea ni kukubali kuendesha gizani katika barabara ya malori, na kwa ajili ya nini? Singida haihami.

Siri ya kundi kwenda mbali ni upepo. Anayetangulia huupasua, na anayemfuata kwa karibu hupunguziwa kazi kwa robo moja au zaidi. Ndiyo maana waendeshaji hupokezana mbele kila baada ya dakika chache, kama askari wanavyopokezana zamu ya lindo. Wa mbele huonyesha shimo kwa mkono, na wote hukaa mstari mmoja upande wa kushoto. Mmoja mwenye nguvu hupewa kazi ya kubaki nyuma kabisa, wala haruhusiwi kumpita yeyote. Yeye ndiye mlinzi wa wanyonge, na mwendo wa kundi hupangwa kwa kumtazama aliye mdhaifu.

Kwamba jambo hili si la mchezo tu, historia ya jeshi inashuhudia. Mwaka 1897 askari weusi 20 wa Kikosi cha 25 cha Marekani, chini ya Luteni James Moss, waliendesha baiskeli kutoka Fort Missoula, Montana, hadi St. Louis, umbali wa kilometa 3,000 hivi. Waliondoka tarehe 14 Juni wakafika tarehe 24 Julai. Walipita katika theluji milimani, na walipofika Nebraska walikuta mchanga, joto kali na maji mabaya yaliyowaugua wengi. Mahali pengine iliwabidi kushuka na kufuata njia ya reli. Hakikuwa chuma cha baiskeli kilichowafikisha, bali nidhamu yao.

Adui mkubwa ni yule yule hata leo, yaani joto na kiu. Kisiwani Rongui, karibu na pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, msafiri hutegemea bahari. Manyoni hutegemea lami na miguu yake. Lakini sheria ya wote wawili ni moja: maji ya kunywa huhesabiwa kabla ya kuondoka. Mwendeshaji anywe kidogo kidogo tangu asubuhi, asingoje kiu. Ndizi, viazi vitamu, karanga na uji mzito humfaa kuliko mlo mmoja mkubwa wa mchana. Kwa aliyeharisha, lita moja ya maji safi na salama huchanganywa na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Mwenzenu akianza kuyumba, kutapika au kusema maneno yasiyoeleweka, msimtie moyo aendelee. Mpelekeni kivulini, mlegezeeni nguo, mmwagieni maji mwilini, mpepeeni, na tafuteni gari la kumfikisha hospitali upesi. Kuchelewa kwaweza kuwa kifo.

Walio nyumbani nao wana sehemu yao. Breki, mnyororo na tairi vikaguliwe usiku wa kuamkia safari. Kofia ngumu, taa ya nyuma, pampu, viraka na mpira wa ndani wa akiba visisahauliwe. Familia ielezwe kituo cha mwisho ni kipi na saa ngapi.

Kundi linalofika Singida salama hupokewa na majabali makubwa na maji ya ziwa Singidani. Lakini kwa kiongozi wa msafara, safari haijaisha mpaka ahesabu watu. Idadi iliyoondoka Dodoma ikitimia, hapo ndipo siku imekwisha.