Funzo la Ndama Mapacha: Kwa Nini Mwili Haujishambulii

Mkulima, ukitaka kuuziwa ndama jike aliyezaliwa pacha na dume, usikimbilie kutoa fedha zako. Kwanza soma habari hii.

Kila mnyama ana askari katika damu yake. Kazi yao ni kuua kitu kigeni kinachoingia mwilini, kama vijidudu vya maradhi. Hata ngozi ya ng'ombe mmoja ikishonwa juu ya mwingine, askari hao huikataa, nayo hufa. Basi, wanajuaje kwamba nyama na damu ya mwili wao wenyewe si adui?

Jibu moja lilipatikana kwa ng'ombe. Mwaka 1945 Bwana Ray Owen, mtaalamu wa Marekani, alieleza habari za damu ya ng'ombe mapacha wasiofanana. Kila pacha alikuwa na damu ya namna mbili, yake na ya mwenzake, hata baada ya kukua. Sababu ni kwamba tumboni mishipa ya makondo yao huungana, na damu huenda huku na huku. Kwa kuwa damu ya mwenzake imeingia mapema, kabla askari hawajakomaa, huhesabiwa kuwa ya nyumbani.

Macfarlane Burnet wa Australia na Peter Medawar wa Uingereza waliendeleza elimu hiyo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Siku hizi twajua kwamba askari wengi hufunzwa katika tezi ya thaimasi, iliyo shingoni na kifuani mwa ndama. Wale wanaotaka kushambulia mwili wao huuawa humo. Wachache wakiponyoka, wako askari wengine wa kuwazuia. Wasipozuiwa huleta ugonjwa. Kwa wanadamu, aina moja ya kisukari hutokea hivyo.

Lakini damu ile ya dume huleta pia vichocheo vinavyoharibu uzazi wa pacha wake jike. Katika majike 100 wa namna hii, zaidi ya 90 ni tasa. Mapacha wakiwa majike wote wawili, hatari hiyo haipo.

Basi fanya hivi:

1. Kabla ya kununua mtamba, uliza kama alizaliwa pacha, na mwenzake alikuwa nani.
2. Mwite daktari wa mifugo ampime angali ndama.
3. Akiwa tasa, mnenepeshe umwuze kwa nyama.

Mtamba tasa hula majani kama wenzake, lakini hakupi ndama wala maziwa, na mkopo wako wangoja kulipwa.