Mtafunwa na Nyoka na Tarakilishi Yake

Wahenga walinena kwamba mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, lakini sikuielewa barabara hadi usiku mmoja nilipokuwa nyumbani kwangu Ongata Rongai, nikiingiza alama za wanafunzi wangu wa mwaka wa nne katika kipakatalishi.

Yapata saa nne usiku, dirisha jekundu lilitokeza ghafla kwenye kioo. Programu ya kukinga virusi ilitangaza, kwa Kiingereza cha kuamrisha, kwamba imegundua tishio katika faili moja la mfumo, ikanitaka nichague: nilifute au nilipuuze. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa akidurusu kando yangu. "Mjomba, imeingiwa hiyo! Futa haraka kabla haijala kazi yako," akasema. Nami, mtu mzima mwenye shahada ya uzamifu, nikafuta. Nilipoizima mashine na kuiwasha tena, haikuamka.

Asubuhi niliipeleka kwa fundi mmoja kijana mwenye kibanda kando ya Barabara ya Magadi. Aliichunguza kwa muda, kisha akatabasamu. "Mwalimu, hapakuwa na kirusi hapa. Umemfukuza bawabu wako mwenyewe ukidhani ni mwizi."

Alama zilikuwa salama ndani ya diski, lakini kuzipata kulichukua siku tatu, na sikuwa na nakala nyingine. Kikao cha kupitisha matokeo kilifanyika bila orodha yangu. Wengi wa wanafunzi hawakudhurika sana. Lakini mmoja wao, aliyengojea somo hilo moja tu ili ahitimu, alilazimika kusubiri mahafali ya mwaka uliofuata. Nilimwomba radhi. Alinijibu kwa adabu kwamba ilikuwa bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya hata kidogo. Ilikuwa ni kutojua kusoma.

Nasema kusoma kwa sababu onyo ni matini kama matini nyingine. Tuwashapo tarakilishi, huamka pamoja nayo makumi ya michakato isiyokuwa na dirisha wala sauti: huu hutunza saa, ule huhudumia printa, mwingine hushughulikia mtandao. Katika mfumo wa Windows, mmojawapo huitwa svchost. Kazi yake ni kuzibeba huduma nyinginezo, na kwa hivyo jina lake hujirudia mara nyingi katika orodha. Tangu mwaka wa 2017, mashine zenye kumbukumbu ya kutosha zimekuwa zikizitenganisha huduma hizo, na nakala zake zimeongezeka zaidi. Mwalimu anayeifungua orodha hiyo kwa mara ya kwanza hudhani amevamiwa na jeshi zima, kumbe ni watumishi wa nyumba yake.

Programu ya kukinga virusi nayo huwatambua maadui kwa njia kuu mbili. Kwanza, hulinganisha faili na alama za virusi vinavyojulikana. Pili, hutazama mwenendo: nani anayefungua mafaili mengi kwa pamoja, nani anayezungumza na mtandao bila kuamrishwa? Tatizo ni kwamba mchakato halali unaosasisha mfumo hufanya mambo hayo hayo. Mwanafunzi wa isimu ataliona jambo hili upesi. Neno "kaa" ni mnyama wa pwani, ni kipande cha moto, tena ni kitenzi cha kuketi. Umbo ni moja, na ni muktadha tu utoao maana. Programu hulijua umbo. Aghalabu muktadha huipiga chenga.

Hata wakubwa hukosea. Tarehe 21 Aprili 2010, kampuni ya McAfee ilisambaza orodha mpya ya alama ambayo iliichukulia svchost halali ya Windows XP kuwa ni kirusi. Tarakilishi katika hospitali, vyuo na ofisi za polisi nchini Marekani zilipoteza mtandao na kujizima na kujiwasha bila kikomo. Mlinzi ndiye aliyeivunja nyumba.

Na pale ambapo programu haikukosea, hofu ya binadamu ilitosha. Mwaka wa 2002 zilienea baruapepe zilizowaonya watu kuhusu faili lenye picha ya dubu mdogo, jdbgmgr, zikiwasihi walifute na kuwajuza rafiki zao. Faili lenyewe lilikuwa sehemu halali ya Windows. Hapakuhitajika kirusi chochote. Watu walilifuta faili halali kwa mikono yao wenyewe, tena kwa nia njema.

Lawama yangu kama mwanaisimu ni hii. Kiswahili kina "huenda", kina "yamkini", kina "labda". Tuna vyombo tele vya kuonyesha shaka. Lakini dirisha jekundu husema "tishio limegunduliwa" pale ambapo ukweli ni kwamba "faili hili linafanana na tishio". Kisio huvishwa vazi la hukumu. Nasi, tuliofunzwa tangu utotoni kwamba kilichoandikwa kwa Kiingereza hakina kosa, hutii papo hapo.

Nisieleweke vibaya. Simshauri yeyote aizime programu hiyo wala ayapuuze maonyo yake. Virusi vipo, tena hujificha nyuma ya majina ya heshima. Vipo vilivyojiita scvhost, kwa kubadilishana nafasi za herufi mbili tu, vikitumaini kwamba hatusomi kwa makini. Ninachoshauri ni maswali matatu kabla ya kubonyeza. Jina limeendelezwaje? Faili linakaa wapi, maadamu svchost ya kweli hukaa ndani ya folda ya System32 na haina sababu ya kuonekana miongoni mwa picha zako? Je, lina sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji? Shaka ikisalia, liweke karantini badala ya kulifuta, kwani aliyewekwa karantini huweza kurudishwa. Kisha muulize anayejua. Na zaidi ya yote, weka nakala ya kazi yako mahali pengine. Lau ningalifanya hilo la mwisho pekee, mwanafunzi wangu angalivaa joho lake kwa wakati.

Walimu wenzangu, siku hizi alama za wanafunzi tunazipeleka kwa mtandao, na watoto wetu hushika tarakilishi kabla ya kuimudu kalamu vyema. Tunawafundisha kuiwasha, kuchapa na kuizima. Tuwafundishe pia kulisoma onyo: nani anayesema, anajuaje, na nikimtii nitapoteza nini. Mpwa wangu siku ile hakuwa na kosa. Alinishauri kwa kadiri alivyofunzwa. Aliyepaswa kutua na kuuliza ni mimi.