Dhahabu ya Dubai: Fumbua Macho Kabla ya Kufungua Mkoba

Askari aliyetumikia mbali na nyumbani mwaka mzima, apitapo Dubai njiani kurudi kwao, hupenda kumnunulia mkewe mkufu wa dhahabu. Jambo hilo ni jema, wala hatumlaumu. Lakini akiba aliyoiweka kidogo kidogo ndiyo karo ya watoto na ndiyo mabati ya nyumba. Ikipotea sokoni kwa saa moja, hasara si yake peke yake, bali ni ya jamaa nzima. Kwa hiyo yafaa tueleze mambo ambayo kila mnunuzi apaswa kuyajua.

Soko la Dhahabu liko katika mtaa wa Deira, karibu na mkono wa bahari uugawanyao mji wa Dubai. Hatari ya kwanza haimo madukani, imo njiani. Kijana humwendea mgeni kwa bashasha na kumwuliza kama ataka saa au mkoba kwa bei nafuu. Mgeni akimfuata, hupandishwa ngazi hadi chumba cha ndani, akaonyeshwa vitu vyenye majina ya makampuni mashuhuri. Vitu hivyo ni vya bandia, na biashara yake yakatazwa na sheria ya nchi ile. Humo hamna stakabadhi, wala hamna wa kulalamikiwa baadaye. Dawa yake ni kusema, "Ahsante, sitaki," na kuendelea na mwendo.

Hatari ya pili ni kutoijua dhahabu yenyewe. Dhahabu safi huitwa ya karati 24. Ya karati 22 hupigwa muhuri wa 916, yaani sehemu 916 kati ya 1,000 ni dhahabu. Ya karati 21 hupigwa 875, na ya karati 18 hupigwa 750. Mkufu wa gramu 20 wa karati 18 una gramu 15 tu za dhahabu safi, ilhali wa karati 22 una zaidi ya gramu 18. Kwa macho yote miwili yang'aa. Basi omba kioo cha kukuzia, uusome muhuri mwenyewe.

Tatu, elewa bei. Bei ya gramu hubadilika kila siku, nayo huonyeshwa hadharani. Juu yake muuzaji huongeza ujira wa ufundi, na hapo ndipo penye nafasi ya kupatana. Asiyejua hubishana juu ya jumla tu, akapunguziwa kidogo, akatoka akidhani ameshinda. Mwambie muuzaji aweke mkufu kwenye mizani mbele yako, kisha akuandikie mbalimbali thamani ya dhahabu na ujira wake. Pambo likiwa na vito, uliza uzito wa vito, usije ukalipia mawe kwa bei ya dhahabu.

Nne, ukilipa kwa kadi na mashine ikakuuliza kama wataka kulipa kwa fedha ya kwenu, chagua dirhamu. Kubadilishiwa fedha hapo dukani mara nyingi huwa ghali.

Tano, tangu mwaka 2018 nchi hiyo hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Mtalii aweza kurudishiwa sehemu kubwa ya kodi aliyotozwa, iwapo duka limo katika mpango huo na amemwonyesha muuzaji pasipoti yake wakati wa kununua. Akifika uwanja wa ndege, apeleke hati zake na vitu vyenyewe vikaguliwe kabla ya kukabidhi mizigo.

Muuzaji mwaminifu hachukizwi na maswali, wala haogopi ukimwambia utarudi kesho. Akikuhimiza ulipe sasa hivi, ondoka. Maduka ni mengi. Nawe stakabadhi ihifadhi pamoja na pasipoti, kwani wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.